Njia ya Mama Mutheu

Sisi tuliokulia Mashimoni, Kibera, kabla simu hazijaingia mifukoni, tulicheza mpira wa kati na bano za gololi kwenye vijia ambavyo watu wawili wakikutana, mmoja alirudi nyuma. Mchana harufu ya omena ilitoka mlango huu, githeri mlango ule. Ukichafua sare ya shule, mama yeyote alikuchapa, kisha wako akaongeza. Watoto wa siku hizi wakitumwa maji huuliza kama kuna bodaboda.

Jirani yetu Mama Mutheu, mjane kutoka Kitui, alisuka vyondo na kuviuza kando ya reli, Laini Saba. Hakuwa mwenyekiti wa chochote.

Nikiwa darasa la tano, jiko la mtu lilipinduka na moto ukala mtaa. Tulibeba maji kwa mitungi, lakini kijia kilijaa watu wanaokimbia na magodoro. Maji hayakufika. Nyanya wa rafiki yangu Akinyi alikuwa haoni. Hakutolewa kwa wakati.

Kesho yake, majivu yakiwa bado moto, watu walianza kupigilia mabati, kila mmoja akisogeza ukuta mbele kidogo. Mama Mutheu aling'oa nguzo zake akazirudisha nyuma, hadi chumba chake kikabaki cha kitanda na jiko tu.

"Mama, umechanganyikiwa?" Wafula, fundi wa viatu, akamuuliza. "Nafasi ikienda hapa hairudi."

"Na yule nyanya atarudi?"

Jioni tulimwona Wafula aking'oa nguzo yake. Wengine walifuata, wakinung'unika. Mmoja alikataa kabisa, ndiyo maana njia ina kona mahali pale mpaka leo.

Moto uliporudi miaka mingi baadaye, vijana walipita na maji mbio na ukazimwa kabla haujavuka njia. Mama Mutheu alikuwa ameshazikwa kwao Kitui.

Juzi nilipita hapo. Vijana walikuwa wameinamia simu zao. Nikamuuliza mmoja hapa panaitwaje.

"Kwa Mutheu."

"Mutheu ni nani?"

"Sijui, buda. Si ni jina tu ya njia?"

Enzi zetu tulimjua kila mtu aliyetutendea jema, hata uzito wa kofi lake. Hawa hawamjui. Lakini nilitazama kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho, na hakuna aliyejenga katikati.