Husni wa Madam na Husni Wangu

Nimekosa mimi. Sungura hakukosa, Madam hakukosa, na Husni ndiye kabisa asiye na kosa. Mkitaka kucheka chekeni, ila jina langu msiniulize. Wanaonijua wananitosha kwa kunicheka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nafanya kazi za ndani hapa Dubai, kwenye mtaa wa majumba ulio pembezoni kabisa, pale nyumba zinapokwisha na mchanga unapoanza. Madam wangu ni mama wa Kiarabu, mjane, mwenyeji wa hapa hapa. Binti yake ameolewa Abu Dhabi, akamwachia mama yake sungura wawili weupe, Zubda na Sukkar. Jamani, yule mama aliwapenda! Kahawa yake ya asubuhi lazima ainywee bustanini pamoja nao, huku akiwasimulia habari za ukoo mzima.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Siku niliyofika Madam aliniuliza kama najua Kiarabu. Nikamwambia najua! Loo! Nilichojua mimi ni cha madrasa. Mtoto wa kwetu anahitimu msahafu vizuri kabisa na bado hawezi kuulizia bei ya nyanya.

Kuanzia siku hiyo Madam akawa ananimiminia Kiarabu chake cha nyumbani. Mimi nadaka neno hapa, neno pale, mengine yanapita juu ya kichwa. Na jibu langu lilikuwa moja tu: "Aiwa, Madam."

Sasa njooni kwa Husni. Husni ni kijana wa Mombasa, alikuwa mtunza bustani wa nyumba ya jirani. Mpole, mcheshi, na akizungumza unatamani aongeze neno. Alikuwa akimaliza kazi anasimama kwenye ukuta wetu wa nyuma, anasema, "Bibiye, wanisalimia ama niende zangu?" Mimi najifanya sikusikia mpaka arudie.

Msinifikirie vibaya. Mambo yalikuwa ya heshima. Alishasema wazee wake watasafiri kwenda Tanga kuniposa, na mama yake tulishazungumza kwa simu, ananiita mkwe na posa bado! Nilikuwa nimeshaanza kuchagua kitambaa cha nguo ya harusi.

Jioni mimi huwa jikoni, namwandalia Madam chakula, kwa hiyo sikuweza kutoka kumkaribisha. Nikaona nimwekee Husni sahani ya wali na kuku kwenye kijimlango cha nyuma, apite aichukue. Asubuhi naikuta tupu, tena imeoshwa kwa mpira wa bustani. Nikasema moyoni, mwanamume wa adabu huyu! Anakula na kuosha!

Basi siku moja Madam akaniita, uso umekunjamana. Akasema Kiarabu chake harakaharaka, nami nikadaka jina. "Husni anakuja hapa kwetu. Umemwona?"

Nikajua siri yangu imefichuka. Nikaangalia chini. "Aiwa, Madam."

"Anakuja wakati gani?"

"Magharibi, Madam."

"Humwogopi?"

"Hapana, Madam. Ni mpole sana."

"Mpole!" Madam akashika kiuno. "Leo mpole, kesho atakung'ata!"

Mimi nikadhani ni methali yao. Akaniuliza kama nampa chakula. Nikakiri, wali kidogo na kuku. Yule mama akajipiga paja.

"Kuku! Khalas, usimpe tena! Ukimlisha Husni, atawaleta mke wake na watoto wake. Wako hapo nyuma ya ukuta wa jirani, mke na watoto wanne! Watu wote wamewaona!"

Hapo ndipo Kiarabu changu kilipofanya kazi vizuri. Neno mke nilielewa. Neno watoto nilielewa. Hata nne niliielewa! Na nyuma ya ukuta wa jirani ndiko Husni wangu alikokuwa akishinda na jembe lake. Madam akaongeza kwamba ni mjanja, mwizi, na anachimbachimba chini ya ukuta. Nikasema moyoni, kweli, na jembe nimemwona nalo.

"Umenielewa?" akauliza.

"Aiwa, Madam."

Ningeuliza neno moja tu, ndugu zangu. Moja! Ningesema, Madam, huyu Husni ni nani? Lakini mimi nilishasema najua Kiarabu, nitaulizaje?

Nikaenda chumbani nikalia mpaka mto ukalowa. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia nafunika uso kwa khanga. Tuna kikundi cha wanawake wa Pwani kwenye simu, cha kupeana habari na kuchangiana misiba. Nikarekodi sauti, na kilio ndani yake: "Dada zangu, jihadharini na Husni wa Mombasa, mtunza bustani. Ana mke na watoto wanne hapa hapa Dubai, kawaficha! Nimeambiwa na mwenye nyumba!"

Nani atapewa habari kama hiyo akae nayo? Kabla sijamaliza kufuta machozi ilikuwa imeshafika Mombasa. Mama yake Husni akaisikia kwa masikio yake, sauti ya yule yule aliyekuwa akimwita mkwe.

Husni naye alikuwa kazini, simu kaiacha kwenye begi, hajui hili wala lile. Alasiri hiyo akaja kwenye ukuta na mawe na kipande cha waya.

"Bibiye, kuna shimo hapa chini ya ukuta wenu," akasema. "Nifungulie nilizibe, la sivyo hao sungura wa Madam hawatasalimika."

"Shimo umelichimba mwenyewe!" nikamwambia.

"Mimi? Nichimbe nini?"

"Nenda kazibe kwa mkeo! Nenda kawalishe wanao wanne, usije kula kuku wangu hapa!"

Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. "Mke yupi? Kuku yupi? Wallahi mimi sijala kwako hata punje. Kila nikipita naikuta sahani tupu chafu, nikadhani wanitania wataka nikuoshee. Nami nikaosha."

Sikuelewa, na sikutaka kuelewa. Nikambamizia kijimlango. Nikasikia mawe yanawekwa chini taratibu, moja moja, halafu nyayo zikaondoka.

Jioni ile sikuwaingiza sungura ndani. Kazi hiyo ilikuwa yangu, Madam alishanisisitiza, nami nikasahau kwa hasira zangu.

Asubuhi nilizinduliwa na ukelele. Madam yuko bustanini kwa nguo ya kulalia, kapiga magoti kwenye nyasi. Manyoya meupe yametapakaa hadi kwenye lile shimo. Sukkar yuko nyuma ya mtungi wa maua anatetemeka. Zubda hayupo.

"Husni!" Madam analia. "Husni kamla Zubda wangu!"

Nami, pamoja na uchungu wote niliokuwa nao juu ya yule mwanamume, hilo lilinishinda. "Madam," nikasema, "Husni amekula sungura mbichi?"

Madam akanitazama. Akachukua simu yake, akafungua picha za kamera ya ukutani, akaninyooshea. Nikaona bustani yetu, nikaona shimo, na kwenye shimo kinatoka kichwa chembamba chenye masikio makubwa. Mbweha! Mbweha wa jangwani, na picha iliyofuata anarudi shimoni amebeba Zubda mdomoni kama mtu aliyetoka sokoni.

"Haya, huyo hapo Husni," akasema Madam.

"Huyu?"

"Aiwa."

"Lakini huyu ana mkia, Madam!"

"Husni wote wana mkia!"

Nikakaa pale pale kwenye nyasi. Kumbe Waarabu wa huku mbweha wanamwita husni! Madrasa hawakutufundisha hilo. Mke nyuma ya ukuta, watoto wanne, anachimba, anang'ata, usimlishe. Kila neno la Madam lilikuwa kweli tupu. Hadithi zetu zinasema sungura ni mjanja kuliko wote, lakini masikini Zubda hadithi hizo hakuwahi kusimuliwa.

Nikamweleza Madam yote, kwa Kiarabu cha kuvunjavunja na mikono. Alilia, akacheka, akalia tena, akafunika uso kwa shela, mabega yanamtikisika. Kisha akaniuliza, "Na yule kijana wa watu, umemfanya nini?"

Kwa mara ya kwanza sikusema aiwa.

Husni alikuja kuziba shimo, kwa sababu Madam alimwita. Alipanga mawe, akaweka waya, akashindilia mchanga. Nilisimama pembeni nikiomba radhi mpaka maneno yakanikauka.

"Mimi nimekusamehe," akasema bila kuinua kichwa. "Hata nacheka nikiwa peke yangu. Lakini mamangu hakula siku ile, bibiye. Aliulizwa na jirani zake wajukuu wanaitwa nani."

Nikarekodi sauti nyingine kikundini, nikasema nimekosea, Husni mwenye mke ni mbweha. Wallahi walicheka! Mpaka leo nikiandika salamu kuna mtu ananijibu kwa picha ya mbweha. Cheko lilifika Mombasa kwa kasi ile ile, lakini radhi yangu mama yake aliipokea baridi. Alinijibu kwa upole tu: "Nimekusamehe, mwanangu. Ila mke wa mwanangu namtaka anayeuliza kwanza." Safari ya Tanga haikutajwa tena.

Nilingoja. Nilidhani muda utalainisha. Juzi picha ya harusi ikaletwa kikundini, Husni yuko kwenye kanzu, pembeni yake bibi harusi wa Mombasa, mzuri, mikono imejaa hina. Wote wanaandika hongera, na mimi nikaandika. Madam alikuwa nyuma yangu na kikombe chake.

"Nani huyu?"

"Husni, Madam."

Akainama kuitazama picha. "Ana mke?"

"Sasa anaye," nikamwambia. Hakucheka. Aliniwekea mkono begani akaenda kumwangalia Sukkar.

Basi dada zangu na kaka zangu mnaoishi kwenye nyumba za watu huku Ughaibuni, sungura na paka waingizeni ndani kabla ya magharibi. Bakuli la chakula msilale mmeliacha nje, mtafuga msichokijua. Mkiona shimo chini ya ukuta, lizibeni siku hiyo hiyo, na anayekuja na mawe kuwasaidia mfungulieni mlango.

Na neno usilolielewa, uliza. Utaona aibu, utachekwa, na jioni yake watakuwa wamesahau. Mimi niliogopa aibu ya dakika moja mbele ya Madam, na sasa kitambaa cha nguo nilichokichagua nimemtumia mdogo wangu Tanga. Ameniandikia kwamba kimempendeza sana.