Waliogombania Machela ya Mama

Zamani kule Kaniha mbuzi wetu alikula kofia ya baba, nikacheka mpaka mama akanikaripia. Mbuzi huyo simsahau, maana wiki ileile mama aliugua tumbo, akabebwa kwa machela ya miti kwenda zahanati. Nilifuata nyuma, nikinusa jasho la wabebaji na majani ya migomba aliyolalia. Kila tuliyekutana naye aliacha jembe, akanyakua mti wa machela begani kwa mbebaji.

"Lete huku, umechoka!"

"Nani kachoka? Labda wewe!"

Nikalia, nikidhani wanagombana na watamwangusha mama. Kumbe walikuwa wanapokezana.

Juzi huku Nyarubungo mwanamke alianguka kwenye bodaboda. Nikainama nimwinue. Vijana walikuwa wanapiga picha.

"Shikamoo babu. Sogea kidogo, unatuziba."

"Marahaba," nikaitikia, nikamwinua peke yangu. Si wabaya wale. Siku hizi mgonjwa anachukuliwa na gari, wao hawajawahi kubeba mtu.

Mama alipona. Siku ile, mmoja wa waliombeba kipande cha mwisho cha njia alikuwa mpita njia tusiyemjua. Walipomtua mlangoni pa zahanati, akafuta jasho. Baba akamuuliza jina.

"Wewe wahi ndani," akasema, akashika njia yake. Hatukumwona tena.