Mtega Fuko na Waya wa Gaurav

Thadeus Angwenyi wa Sironga alijisifu kwa mambo mawili: hajawahi kusinzia kazini, na hakuna fuko aliyewahi kumshinda. Hilo la kwanza tumwachie mwenyewe. La pili kila mwenye migomba alilikubali, maana fuko wakianza kutafuna mizizi, Thadeus aliitwa na ufito wake, kitanzi na kipande cha kiazi kitamu. Alipiga magoti, akalaza kiganja ardhini, akajua mnyama amelala upande gani.

Kwa miaka kumi na mitano alilinda bohari ya mbao na mabati ya Bwana Umesh, nje kidogo ya mji wa Nyamira. Kila saa kumi jioni wazee hao wawili walikunywa chai getini, wakilalamikia magoti yao.

Mwaka 1994 Gaurav, mwanawe Umesh, akarudi kutoka Nairobi na mtambo. Waya mnene ulizikwa kuzunguka ua mzima. Ukikanyaga juu yake, king'ora kinalia ofisini.

"Mzee, hii waya hailali, haigonjeki, haiendi matanga," Gaurav alimwambia. "Tunaijaribu mpaka Krismasi. Ikifanya kazi vizuri, wewe utaenda kupumzika."

Kupumzika! Mtu ana watoto watatu shuleni na nusu eka ya majani chai, unamwambia apumzike. Thadeus aliogopa kwelikweli.

Wiki ya kwanza king'ora kililia mara thelathini kwa siku. Thadeus alizunguka na rungu, mwizi haonekani, hata kuku. Mwishowe akapiga magoti, akalaza kiganja, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Fuko walikuwa wamechimba njia zao chini ya waya.

"Si wewe ndiye fundi wa fuko?" Gaurav akasema. "Wamalize!"

Hapo ndipo mzee alipobanwa. Akiwaacha, jina lake limekwisha. Akiwamaliza, kazi imekwisha. Kwa kiburi chake akachagua jina. Ndani ya wiki mbili alinasa fuko kumi na mmoja, na watu wakaja kutazama. Mtambo ukanyamaza. Gaurav akaanza kuandika barua ya kumuaga.

Barua hiyo Thadeus aliiona mezani siku ya Ijumaa. Jumapili, mara baada ya misa, akatokea nyuma ya bohari na koti lake la kanisani, gunia begani. Ndani mlikuwa na mikebe sita ya mafuta ya Kimbo, kila mkebe na fuko wake aliye hai, maana ukiwaweka wawili pamoja watauana. Aliwachimbua katika mashamba ya majirani, nao wakamshukuru sana. Bohari ilikuwa imefungwa, au ndivyo alivyodhani. Akapenya kwenye ua, akashusha gunia.

King'ora kikalia.

"Nyamaza wewe!" Thadeus akaukemea udongo. "Hata sijawafungua bado!"

Dirisha la ofisi likafunguka. Gaurav na babake walikuwa wamekuja kuupima mtambo kwa mara ya mwisho.

"Baba, imeshika mtu!" kijana alipiga kelele kwa furaha. "Mtu wa kweli! Hebu angalia ni nani!"

Umesh akaja polepole kwa ajili ya magoti yake, akapita nyuma ya rundo la mbao. Akamkuta mlinzi wake ametota jasho, mkebe mkononi. Akauchukua mkebe, akaufunua. Fuko akamwonyesha meno ya manjano. Thadeus aliona haya, akatamani ardhi impokee yeye kwanza.

"Ngapi?" Umesh akanong'ona.

"Sita, Bwana."

"Mingi sana hiyo. Tano rudisha Sironga." Akamrudishia mkebe ule. "Huyu mfungue."

Thadeus akauinamisha mkebe. Fuko akazama ardhini palepale.

"Baba! Ni nani?"

Umesh akaugeukia upande wa dirisha.

"Hapana mtu!" akajibu kwa sauti kubwa. "Fuko tu!"