Mtilia Sumu wa Jumamosi Asubuhi

Zornitsa alijijua kuwa hodari, na hakuona sababu ya kuficha. Alianzia kwenye maonyesho ya vikaragosi mjini Ruse, akiwa sauti ya mbuzi, na mbuzi mwenyewe alikuwa na maringo kumshinda binti mfalme. Televisheni ya Plovdiv ilipomwita kuendesha kipindi cha watoto, aliwaambia tu, "Mmechelewa." Tangu hapo kila Jumamosi yuko hewani, moja kwa moja, na nusu ya mji imekua ikimwita Dada Zornitsa.

Kisha akapewa nafasi kwenye tamthilia: mjane anayemtilia shemeji yake sumu kwenye kahawa. Akaicheza ikakolea! Shemeji alikata roho Ijumaa, mji mzima ukitazama, na kesho yake asubuhi bosi wake, Ognyan, akamsubiri mlangoni mwa studio, kanuna.

"Zori, wazazi wamenipigia simu mpaka sikio linawaka. Mtoto mmoja akilia leo, kipindi nampa mwingine."

"Umpe nani? Utaendesha wewe, na sura hiyo?" Zornitsa akamcheka.

Lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu. Tamthilia zingekuja nyingine. Watoto hawa ndio waliokuwa maisha yake, asidanganywe mtu.

Ilikuwa tarehe mosi Machi, siku ya kufungiana mkononi nyuzi nyekundu na nyeupe na kutakiana afya. Miaka yote watoto walimvamia. Leo walikaa kwenye zulia la studio, nyuzi wamezishika, kimya. Loo! Na kamera zimeshawaka.

Zornitsa akachuchumaa. "Jana mlinitazama?"

"Ulimuua shemeji yako," akasema Yoana, wa miaka sita.

"Tuliigiza, mpenzi. Yuko kantini sasa hivi anakula banitsa, na keshamaliza sahani mbili."

"Muongo! Nilimwona kafa."

Yoana akasimama, mdomo unamtetemeka. Ognyan akainua mkono ili matangazo ya biashara yawekwe. Mtoto akamwendea Zornitsa, akaushika mkono wake, akafunga uzi, kisha akafunga mwingine juu yake.

"Huu wa afya," akamnong'oneza, na maikrofoni ikadaka kila neno. "Na huu, polisi wasikukamate."

Wenzake wakainuka wote, wakimgombea mikono. Zornitsa akawanyooshea yote miwili. Akalia hapo hapo hewani, Plovdiv nzima ikimwona, wala hakujifuta.