Siku Nilipodunga Ini la Ngamia Mbele ya Daktari Bingwa

Aibu hii mtaisikia tu, na wanaoisimulia huko mtaani Iftin wameshaitia chumvi ya kutosha, kwa hivyo wacha niiseme mwenyewe. Mimi ni tabibu hapa Garissa, na mwaka huu nilikaa Nairobi wiki mbili nikitazama wanavyopima kongosho: mgonjwa anamezeshwa kamera yenye ultrasaundi, kisha sindano inapitia humo humo kwenda kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara (nilitazama tu, tena nikiwa nyuma ya mtu mrefu). Niliporudi nikawa mtaalamu. Basi daktari bingwa alipokuja kuchagua mmoja wetu wa kwenda kusomea kazi hiyo, nikajitolea kuonyesha njia mbili za kuchukua kinyama, ile ya kuvuta kwa sirinji na ile ya kutoa polepole waya ulio ndani ya sindano, halafu niseme ipi bora.

Nilihitaji ini la kudunga. Edo Halima, shangazi yetu sote anayeuza nyama ya ngamia sokoni, alinipa zuri nikalikataa, nikataka lile lenye uvimbe alilokuwa amelitenga, maana nilijiambia uvimbe utapendeza kwenye skrini.

"Wallahi hii si ya kula, daktari. Hii ya kufukia."

"Edo, haya ni mambo ya sayansi," nikamjibu, kidevu juu.

Siku ya onyesho ukumbi wa hospitali ulijaa. Sista Fardosa, muuguzi wetu mkongwe, akauliza kwa upole, "Umeangalia kwanza ndani iko nini?" Nikacheka (nilicheka, jamani!), nikasema sirinji ni ya wenye haraka, inavuta damu tupu, mtaalamu hutoa waya taratibu kama anayemtoa mtoto mwiba, nikadunga uvimbe, nikautoa waya taratibu kweli kweli, na ulipomalizika kutoka maji yakaruka juu yakatua kwenye ndevu za hina za mkubwa wangu wa kazi, nami kwa kupapatika nikachomeka sirinji niyanyonye, lakini badala ya kuvuta nikasukuma, yakafyatuka kando ya sindano yakamlowesha daktari bingwa kuanzia miwani hadi tai.

"Hayo ni maji ya minyoo!" daktari bingwa akapiga kelele. "Naweni! Wote naweni!"

Watu walipanda viti. Fardosa peke yake ndiye aliyeleta maji na sabuni, akamnawisha mgeni, kisha akanigeukia.

"Sasa hii ingekuwa tumbo ya mama yangu?"

Uvimbe ule ulikuwa mfuko wa maji yenye vijidudu vya minyoo. Maji yale yakimwagika ndani ya mtu yanaweza kumuua, na mimi nilikuwa nashindanisha waya na sirinji kama mtangazaji wa mpira.

Nafasi ya kwenda kusoma akapewa Fardosa. Mimi nikapewa ndoo na tambara, mkubwa wangu akanisimamia mpaka nikasugua kiti cha mwisho. Naapa sitadunga tena kitu ambacho sijakiangalia. Na mkiniuliza leo njia ipi bora, nitawaambia sijui, na hilo ndilo neno la kwanza la kweli nililolisema tangu nirudi kutoka Nairobi.