Mama Edson na kipimo kisichojua dhahabu

Saa mbili asubuhi, jua limeshaanza kuuma katika machimbo ya Ilomelo, nje kidogo ya Segese. Wanaume wapatao ishirini wamesimama nyuma ya kamba ya njano wakimtazama mwanamke mmoja aliyepiga magoti. Karasha, mashine za kusaga mawe, zimezimwa.

Mwanamke huyo ni Asteria Mageni, 41, fundi wa vipimo vya unyevu wa ardhi. Anateremsha kwa waya kifaa chembamba, urefu wa mkono wa mtu, ndani ya bomba la alumini lililozikwa pembeni ya duara la mzee Makoye. Duara, kwa lugha ya machimbo, ni shimo la kushukia kwenye mwamba wenye dhahabu. Hili limefungwa tangu mvua zianze, na namba atakayoisoma Asteria ndiyo itakayosema kama watu washuke au waendelee kukaa.

"Msinisogelee, baba zangu," anasema bila kugeuka. "Namba haikimbii."

Wachimbaji humwita Mama Edson, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alizaliwa Ushirombo, akasomea umeme katika chuo cha ufundi, akaanza maisha kwa kutengeneza redio. Kampuni moja ya upimaji ardhi ikamchukua kama msaidizi, ikampeleka Arusha kwenye mafunzo ya usalama wa mionzi. Leo anabeba kifaa hicho peke yake, ndani ya boksi zito lenye alama ya hatari, kwa mshahara wa laki saba kwa mwezi.

"Si nyingi," anakiri. "Lakini kazi hii naijua. Nikisema hapa pana maji, pana maji."

Ndani ya kifaa, anaeleza, kuna punje ndogo ya madini inayotoa chembe ziitwazo nyutroni. Zinaingia udongoni kwa kasi kubwa. Zikikuta maji hupoa, yaani hupungua kasi, na baadhi ya zilizopoa hurudi kwenye mrija uliojazwa gesi yenye kemikali iitwayo boroni. Nyutroni haina chaji ya umeme, kwa hiyo inaweza kupita hapo pasipo chombo chochote kuihisi. Lakini boroni ikiimeza, hupasuka na kurusha chembe yenye chaji, na hiyo ndiyo inayohesabiwa.

Mwandishi wa makala haya alikuna kichwa, Asteria akamhurumia.

"Chukulia nyutroni ni mgeni anayeingia uani kwako kimya kimya," anasema. "Humsikii. Unachosikia ni mbwa kubweka. Mimi nahesabu mbweko. Maji yakiwa mengi, wageni wanakuwa wengi, na mbwa halali."

Ilomelo walimwita mwaka jana, baada ya duara moja la jirani kujaa maji na watu kuvutwa nje wakiwa hoi. Chama cha wachimbaji wadogo kiliamua ardhi ipimwe kabla ya mvua, kwa kuwa udongo wa juu ukilowa ndio unaoporomoka. Asteria akazika mabomba kwenye kilima kizima. Penye udongo mkavu alipaka mfuniko wa bomba rangi nyeupe, na penye maji mengi akapaka nyekundu, akiamini kila mtu anajua nyekundu ni hatari.

Aliporudi wiki iliyofuata, mashimo mapya yalikuwa yamechimbwa kandokando ya mifuniko myekundu.

"Nilikaa chini," anakumbuka. "Nikaanza kuyahesabu, moja moja."

Ukiwasikiliza wachimbaji, hesabu yao haikuwa ya kipumbavu. Mama huyu amekuja na boksi la mamilioni. Hataki mtu alisogelee. Penye nyeupe anapima mara moja anaondoka, penye nyekundu anarudia na kurudia. Sasa mtu arudierudie maji ya nini, wakati yupo juu ya mwamba wa dhahabu? Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na kilichosemwa Ilomelo ni kwamba kipimo cha Mama Edson kinaona mali.

Mzee Makoye aliuza ng'ombe watano akafungua duara kwenye bomba jekundu kuliko yote. Mayala, mdogo wake Asteria wa tumbo moja, aliuza pikipiki aliyokuwa akibebea abiria akanunua hisa humo, bila kumuuliza mtu.

"Nilijua dada ananikonyeza," anasema Mayala. "Nikajiambia, damu nzito kuliko maji."

Asteria alipowaambia waache, walicheka. Alipopandisha sauti, wakazidi kuamini. Mtu anayekukataza kwa nguvu kiasi hicho, walisema, ana tajiri wake mahali anayemwekea mali.

Ndipo alipokwenda kwa Savita, mama mwenye duka la pampu, kamba na mbao za kukingia mashimo pale Segese. Wachimbaji wanamheshimu Savita kwa sababu anaijua dhahabu kwa kuishika tu. Alipoelezwa, alifunga duka, akapanda bodaboda mpaka machimboni akiwa na bangili zake za dhahabu mkononi.

Asteria alipanga ndoo za mchanga mbele ya kila mtu, akawasogeza watu nyuma. Kwenye mchanga mkavu namba ilitoka ndogo. Savita akavua bangili zote, zikazikwa kwenye ndoo ileile. Namba ikabaki palepale. Kisha Asteria akamwagia maji ndoo nyingine, akapima. Namba ikaruka karibu mara nne.

Asteria alizipitisha bangili kwenye kipimo kingine cha mionzi, akaridhika kwamba hazijabeba mionzi, akamrudishia mwenyewe.

Mzee Makoye alizitazama zile ndoo kwa muda mrefu. "Kwa hiyo, mayu," akasema hatimaye, akimwita mama kwa Kisukuma, "mimi nimechimba kisima."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Makoye hakucheka. Ng'ombe watano ni ng'ombe watano. Hata hivyo, mvua za Novemba zilipopiga, alilifunga duara na kuwatawanya watu wake.

Simulizi nyingine zingesema kwamba duara lile liliporomoka wiki iliyofuata na wote wakampigia magoti fundi. Halikuporomoka. Lilisimama Desemba, likasimama Machi, na lipo hadi leo. Vijana wakawa wanamtania Asteria kila akipita: "Shikamoo Mama Edson, duara lako linakusalimia."

"Marahaba, nalo mlisalimie," alikuwa akiwajibu.

Utani aliuweza. Kilichomuumiza ni Mayala. Kijana huyo alirudi Ushirombo bila pikipiki na bila dhahabu, akaacha kupokea simu za dada yake. Sikukuu ya Krismasi alikula nyumba ya pili ili wasikutane mezani.

"Nililia," anasema Asteria, na hafichi. "Watu waliniuliza, huombi hata kidogo lianguke ili uaminiwe? Niombe shimo lianguke? Basi mimi ni mchawi, si fundi. Kusimama kwake siyo kwamba nilidanganya. Ni kwamba hakuna aliyekuwa ndani siku ambayo lingeamua kuanguka."

Leo ni Mei, mvua zimekatika, na Makoye amewaita watu wake warudi. Mayala naye yumo, nyuma kabisa, kamba ya kushukia begani. Hajamsalimia dada yake.

Asteria anapandisha kifaa, anakirudisha kwenye boksi, anafunga kufuli. Kisha ananyanyuka na kupangusa magoti.

"Juu pamekauka," anasema. "Mita ya nne na ya tano bado ni uji."

Mnong'ono unapita. Makoye anamtazama fundi, halafu anamtazama kijana mwenye kamba.

"Mayu, huyu ni mdogo wako. Ungemshusha?"

"Leo, hapana. Nitapima tena baada ya wiki tatu."

"Haya," mzee anawageukia watu wake. "Mmesikia. Pelekeni vifaa stoo."

Wanakwenda, wengine wakinung'unika, lakini wote wanakwenda. Asteria anawaangalia akiwa ameshika kiuno, na furaha yake haijifichi. Mpango wake, anasema, ni chama kitafute kibali na kifaa chake chenyewe, naye awafundishe wawili kati ya wachimbaji hawa hawa, ili kila duara la kilima hiki lipimwe kabla ya mvua bila kusubiri kampuni.

"Hao wawili sijawapata," anasema. "Kazi yenyewe inataka mtu asiyeona aibu kusema hapana."

Mayala hajaondoka na wenzake. Anakuja polepole, anasimama mbele ya dada yake, anaangalia boksi.

"Dada, umekula?"

"Sijala."

Kijana anainama, anaanza kukunja ile kamba ya njano.

"Twende ukale. Tukirudi, unionyeshe hizo namba unazisomaje."