Kadi Moja ya Ploti Nzima

Ukihamia ploti anamopanga Apiyo pale mtaani Gatwekera, utaonyeshwa choo, utaonyeshwa mfereji, kisha utaambiwa kadi ya maktaba anayo nani. Maktaba haimpi kadi mpangaji wa jana. Inataka mtu anayejulikana, na Apiyo yuko pale tangu mabati bado yanang'aa. Basi wote huazima kwa kadi yake. Akikuletea kitabu, hakupi hivi hivi. "Nionyeshe mikono." Una grisi? Kanawe kwanza. Hajapoteza kitabu hata kimoja, na hilo atakuambia kabla hujamwuliza.

Sasa Isaac, kijana wa maktaba, akaiagiza kompyuta ipitie vitabu vyote vilivyoazimwa, ione kipi hufuatana na kipi, ili ajue vipya vya kununua. Kompyuta ikachambua kama mchele mpaka ikagonga jiwe: Apiyo. Isaac akamwita.

Apiyo alijifunga kitambaa cha kanisani, akaenda roho mkononi. Mlangoni palibandikwa sheria: kadi moja, mtu mmoja. Ikichukuliwa, ploti itasoma nini, magazeti ya kufungia mandazi?

Alimkuta Isaac mezani, chapati mkononi.

"Niaje, mathe. Hii kompyuta inasema wewe ni fundi wa kuchomelea vyuma."

"Inasema hivyo?"

"Na una mtihani wa hesabu. Na uko na mimba."

"Mimba ni ya Nabwire!" Apiyo akawaka. "Vyuma ni vya Boaz. Usinichanganyie!"

Maneno yakishatoka hayarudi. Akaketi.

"Isaac, hiyo kadi si mimi. Ni ploti."

Isaac alicheka mpaka akalalia meza. "Woi, mathe! Nilikuwa karibu kuagiza vitabu vya wajawazito wanaochomelea vyuma!"

"Cheka umalize. Kadi unachukua?"

"Sichukui. Lakini kila mtu apate yake, ndio hii mashine ijue nani anasoma nini. Wewe utawadhamini. Wewe si unawajua?"

"Mpaka wanaokoroma nawajua. Na vitabu vitapitia kwa nani?"

"Kwako, kama kawaida."

Apiyo akapumua. Isaac akageukia kompyuta tena. Wanaosoma vya mimba, ikasema, hurudi kutafuta vya kunyonyesha. Akatoa kimoja rafuni. "Mpelekee Nabwire kabla hajakiulizia."

Apiyo hakukipokea. Alikuwa akiitazama ile chapati.

"Kiweke chini kwanza," akasema. "Nionyeshe mikono."